Mbao Ngumu na Mstari wa Sirari

Kando ya barabara itokayo Tarime mjini kwenda Sirari kuna karakana ya useremala ambayo fundi wake hunusa mbao kabla ya kulipa. Mara ya mwisho nilipopita alikuwa akipiga randa fremu ya mlango. Huo, alisema, ni mninga wa Tabora, na harufu yake haidanganyi. Pembeni ulilala ubao mwingine, mpana, mwekundu, aliouita mkangazi. Nikamuuliza umetoka wapi.

"Huo ni wa Kenya, mura."

Kenya ipi? Akaguna. Dereva aliyeuleta alitaja Busia, na aliyemuuzia dereva alitaja Kongo. Risiti ilikuwa ya Kisumu. Tukaishia hapo, kwa sababu mwenye mlango alikuwa njiani na fremu haijakamilika.

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko fundi na mimi. Biashara ya mbao ngumu huupa mti uraia wa mahali ulipopakiwa mara ya mwisho, na kule ulikoota husahaulika. Mtu akitaka kulinganisha nchi mbili za Ulaya, nani aliagiza mbao ngumu zaidi na katika miaka gani, atajikuta analinganisha madaftari ya forodha huku misitu yenyewe haionekani. Mimi nimechagua Ujerumani na Uingereza. Sababu iko mwendo wa bodaboda kutoka karakana ile: ni mstari wa mpaka, na waliouchora ni hao wawili.

Walikubaliana mwaka 1886, wakiwa kwao Ulaya, mstari utoke mdomo wa mto Umba pwani, uzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha unyooke hadi Ziwa Viktoria kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Mkataba wa Heligoland wa Julai 1890 uliuendeleza ng'ambo ya ziwa. Kati ya 1904 na 1906 tume ya mpaka ya mataifa hayo ilipita ikipima na kusimamisha nguzo. Wairege, Wanyabasi, Wakira na Wagumbe, koo za Kikurya zilizokuwa na ng'ombe na wakwe pande zote, zikaamka zina wenyewe wawili.

Mstari ulikuwa wa ramani. Mizigo ilifuata njia yake. Reli ya Uganda ilifika Kisumu Desemba 1901, na kuanzia hapo ngozi za ng'ombe za upande wa Wajerumani, za Shirati, Musoma na Mwanza, zilipanda meli za Waingereza ziwani, zikashuka Kisumu, zikapanda garimoshi la Waingereza hadi Mombasa. Mali ya koloni la Berlin ilisafiri kwa tiketi ya London. Reli ya kati ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza lilikamilika 1928, wakati nchi imekwisha kuwa mikononi mwa Mwingereza. Kwa hiyo karani wa bandari aliyekuwa akiandika "kutoka Mombasa" aliandika kweli, ila kweli ya nusu njia.

Neno lenyewe linahitaji tahadhari. Kwa fundi wa Tarime, mbao ngumu ni ile inayopinda msumari. Kwa wataalamu wa misitu, na kwa makarani wa forodha waliowafuata, mbao ngumu ni ya mti wowote wa majani mapana, hata ukiwa laini kama mbuyu, na mbao laini ni ya jamii ya msunobari, hata ikikushinda kuipasua. Kwa hesabu hiyo mtarakwa wa Shume, waliougombania watengeneza penseli, ni mbao laini, na okoume ya Gabon, nyepesi na rahisi kumenywa, ni mbao ngumu. Nitauvuka mpaka huo mara moja au mbili. Mipaka mingine haistahili heshima nyingi.

Uingereza iliingia mapema kwa sababu ilikuwa imekwisha kuifyeka misitu yake. Mialoni ilikwenda kwenye meli za kivita na tanuri, na nchi ikazoea kuagiza. Mwaka 1721 Bunge lilifuta ushuru wa mbao kutoka makoloni ya Amerika, na mahogani ya Jamaika, baadaye ya Honduras, ikajaa katika sebule za matajiri wa London. Karne iliyofuata ikawa ya msaji, ambao wengi wetu huuita mtiki. Burma ilitwaliwa vipande vitatu, mwaka 1826, 1852 na 1885, na kipande cha mwisho kilianzia kwenye magogo: serikali ya mfalme wa Mandalay iliitoza faini kampuni ya Bombay Burmah Trading Corporation kwa madai ya kuvuna msaji bila kuulipia wote, na Uingereza ikaugeuza ugomvi huo kuwa vita. Burma ya juu ikatangazwa kuwa ya Malkia Januari 1, 1886, miezi kumi kabla ya mstari wetu kuchorwa.

Ujerumani ilikuwa na tabia nyingine kabisa. Misitu ilikuwa nayo, na hadi leo inafunika karibu theluthi moja ya ardhi yake, wakati ya Uingereza ilishuka hadi takriban asilimia 5 baada ya Vita vya Kwanza na leo iko karibu asilimia 13. Aliye na mwaloni na mfune uani hakimbilii mahogani ya mbali. Alichokuwa nacho Mjerumani zaidi ni elimu ya kuhesabu miti: vyuo kama kile cha Tharandt alichokiongoza Heinrich Cotta vilifundisha kuvuna msitu kama shamba, kwa zamu na kwa vipimo. Elimu hiyo Waingereza waliinunua. Aliyepewa kusimamia misaji ya Burma mwaka 1856 alikuwa Dietrich Brandis, Mjerumani, na mwaka 1864 akawa mkuu wa misitu ya India yote ya Waingereza. Kabla hawajagawana ardhi ya Wakurya, hawa wawili walikuwa wamekwisha kugawana kazi: mmoja ana shoka, mwingine ana daftari.

Njaa ya Hamburg ilikuja na viwanda, baada ya 1871. Wafanyabiashara wake walikuwapo tayari Unguja: nyumba ya O'Swald ya Hamburg ilifanya biashara kisiwani tangu 1849. Sandarusi, utomvu uliochimbwa ardhini katika misitu ya Mrima, ilikuwa ikienda kutengeneza vanishi za Ulaya na Marekani, na hivyo msitu wetu ulifika huko kwanza ukiwa rangi ya juu ya mbao za wengine. Kisha likaja gogo lenyewe, ila la upande wa pili wa bara. Okoume ya Gabon ilianza kusafirishwa Hamburg mwaka 1889, na hadi 1914 mnunuzi wake mkubwa alikuwa Ujerumani. Gabon ilikuwa ya Mfaransa. Tangu hapo mtu yeyote angeona kwamba bendera na gogo havitembei pamoja.

Afrika Mashariki ya Kijerumani iliahidiwa mengi. Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni ya meli iliyoanzishwa Hamburg mwaka 1890 kwa ruzuku ya serikali, iliunganisha Tanga na Dar es Salaam na soko la nyumbani. Kituo cha utafiti cha Amani kilifunguliwa 1902. Mwaka 1904, ule ule ambao tume ya mpaka ilianza kazi, koloni lilipata sheria ya hifadhi za misitu, na ujenzi wa reli ndogo ya Sigi ukaanza, kutoka Tengeni kupanda kuelekea Amani, zaidi ya kilomita 20 za reli nyembamba iliyojengwa na kampuni ya mbao. Huko Usambara Magharibi, kampuni ya Wilkins & Wiese ilitengeneza kitu ambacho wazee wa Mkumbara hawakuwa na jina lake: waya wa kuteremshia mitarakwa ya Shume, karibu kilomita 9, ukipita juu ya makorongo hadi kwenye reli ya Tanga. Na ng'ambo ya mstari, miaka hiyo hiyo, Ewart Grogan alikuwa akidai msitu mkubwa wa Lembus karibu na Eldama Ravine, naye akiwa na ndoto za mtarakwa na podo. Walioshindana walikuwa wakikata aina moja ya miti kwa soko moja la penseli.

Ukiuliza kilichotoka kweli, jibu linafedhehesha. Mazao makubwa ya koloni la Wajerumani mwaka 1913 yalikuwa mkonge, mpira na ngozi. Mbao zilikuwa mstari mdogo chini ya ukurasa. Gogo la Usambara lilipaswa kushuka mlima, kupanda reli, kupakiwa majahazini hadi melini, kisha kupita Suez, huku gogo la Gabon likielea mtoni hadi kando ya meli. Kilichobaki kwa wenyeji ni sheria. Hadi 1914 Wajerumani walikuwa wametenga hifadhi zaidi ya 200, takriban hekta 750,000, na Thaddeus Sunseri, katika kitabu chake Wielding the Ax, ameonyesha jinsi kuzuiwa msituni kulivyokuwa miongoni mwa machungu yaliyozaa Maji Maji ya 1905. Hifadhi iliwekwa kwa ajili ya mbao ambazo hata Hamburg haikuzingoja kwa hamu.

Baada ya Vita vya Kwanza ikawa zamu ya pili. Waingereza walirithi ramani za hifadhi kama mtu anavyorithi daftari la madeni, wakaunda Idara ya Misitu na kutunga sheria yao mwaka 1921. Kwao nyumbani vita viliwatia hofu: manowari za Wajerumani zilikuwa zimezamisha meli za mbao, na Kamisheni ya Misitu ikaundwa 1919 ili nchi isije ikakosa tena nguzo za migodini. Kwa mbao ngumu waliugeukia ufalme. Maonyesho ya Wembley ya 1924 yalipambwa kwa mbao za makoloni. Mwaka huo huo Oxford ikapata chuo cha misitu ya ufalme. Maabara ya Princes Risborough ikawa inavunja, inakausha na kupima vipande vya miti kutoka kila koloni. Na makubaliano ya Ottawa ya 1932 yakazipa bidhaa za ufalme upendeleo wa ushuru. Mkangazi wa Budongo, Uganda, ulipasuliwa na kwenda Mombasa. Ujerumani, iliyonyang'anywa makoloni yote mwaka 1919, iliendelea kununua sokoni. Kununua bila kutawala kulikuwa na faida yake: hakukuhitaji mkuu wa wilaya.

Hapa Mara yenyewe mambo haya yalisikika kwa mbali. Eneo lililoitwa Mara Kaskazini halikuwa na mvule wa kumvutia mtu. Lilikuwa na ng'ombe, mawe, na miti iliyotosha matumizi ya nyumbani: nguzo za nyumba, maghala, na kile kibakuli cha mti kinachochongwa, kikavikwa ngozi na kutiwa nyuzi nane kuwa litungu. Lilikuwa pia na vijana. Wakurya waliandikishwa kwa wingi katika King's African Rifles, na ni kwa njia hiyo, ya ajabu kidogo, wilaya hizi ziliingia katika historia ya mbao ngumu za Uingereza.

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilitumwa Burma. Iliwafukuza Wajapani kuteremka bonde la Kabaw wakati wa masika, bonde lililojulikana kwa malaria na matope, na Desemba ikafika Kalewa na kuuvuka mto Chindwin. Misitu waliyokuwa wakipita ilikuwa ya msaji. Mto waliouvuka ndio uliokuwa ukielea magogo ya kampuni kabla ya vita. Tembo waliokuwa wakivuta magogo hayo sasa walikuwa wakiyapanga kuwa madaraja ya jeshi. Fikiria kijana aliyekulia Nyamwaga au Ikoma, anayemjua tembo kama mnyama wa kumkimbia au kumwinda, anamwona anainua gogo kwa amri ya mtu mmoja aliyekaa shingoni na kuliweka sawa na lenzake. Mishahara ya vijana hao ilirudi Tarime ikawa ng'ombe, na ng'ombe wakawa mahari. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba kuna aliyerudi na kipande cha msaji.

Waliorudi na msaji kichwani walikuwa wengine. Burma ilipata uhuru Januari 4, 1948, na kampuni za Kiingereza zikapoteza misitu. Mojawapo, Steel Brothers, iliyojijenga huko kwa mchele, mafuta na magogo, ikaleta mashine Tanganyika, kwenye uwanda wa Rondo nyuma ya Lindi, mahali penye mivule minene. Wakati wenyewe ulikuwa unasukuma. Uingereza ilikuwa imefilisika kwa vita, haikuwa na dola za kununulia Marekani, na ilitaka kila kitu kinachoweza kulipwa kwa pauni: mafuta ya kula, pamba, mbao. Sababu hiyo hiyo ndiyo iliyozaa mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliokufa 1951 ukiacha bandari ya Mtwara, matrekta yaliyoota kutu na vichekesho. Mivule ya Rondo ilikwenda.

Ilipofika Uingereza haikuitwa mvule. Sokoni jina lake ni iroko, neno la Kiyoruba, kwa sababu mti huo huo huota Nigeria na Ghana, na huko ndiko wafanyabiashara wa Liverpool walikoujua kwanza. Hivyo gogo la Rondo lilipotua bandarini lilikuwa limekwisha kuwa Mnaigeria kwa jina. Meza za maabara na benchi nyingi za bustani za Uingereza ni za iroko. Mwenye kukalia benchi hiyo ajue kwamba inaweza kuwa Myoruba, Msoga au Mmwera.

Kuanzia miaka ya 1950 mizani ikageuka, na kama ningechora mchoro wa nchi hizi mbili ningeuchora hapa kwa wino mzito. Ujerumani Magharibi ilijijenga upya kwa kasi iliyowashangaza hata walioishinda. Nyumba mpya zilitaka milango, samani na veneri. Mkataba wa Roma wa 1957 na ule wa Yaoundé wa 1963 iliyafungulia makoloni ya zamani ya Ufaransa mlango wa soko la pamoja: Ivory Coast, Kameruni, Gabon, Kongo. Magogo yakamiminika Hamburg na Bremen. Uingereza, iliyokuwa nje ya soko hilo hadi 1973, ilibaki na marafiki wa Jumuiya ya Madola, Ghana na Nigeria, kisha ikaelekea Malaysia. Mteja wa zamani alikuwa akizeeka huku jirani aliyenyang'anywa makoloni akinunua kwa pesa taslimu.

Sisi tulikuwa pembeni ya karamu hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitia saini makubaliano yake na soko la Ulaya Arusha mwaka 1969, lakini Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa tangu 1967 na haukufunguliwa hadi 1975, kwa hiyo meli kutoka Tanga ilibidi izunguke Rasi ya Tumaini Jema. Kwa mzigo mzito na wa bei ya kati kama mbao, hilo lilitosha kumkatisha mtu tamaa. Mninga wetu ukabaki nyumbani, ukawa milango ya maofisa na vitanda vya mahari, na sijui kama kuna hasara hapo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 upepo ukageuka tena, safari hii kutoka kwa wanunuzi wenyewe. Picha za misitu inayowaka Amazoni na Borneo ziliingia sebuleni, na halmashauri nyingi za miji ya Ujerumani Magharibi zikaamua kutotumia mbao za kitropiki katika majengo ya umma. Uingereza nako wanaharakati walisimama milangoni mwa maduka ya samani. Mwaka 1993 likaundwa shirika la vyeti vya misitu, FSC, ambalo mwaka 2003 lilihamishia makao yake Bonn. Mwelekeo ni ule ule wa Tharandt: kama huwezi kuacha kununua gogo, liandikie hesabu. Wakati huo madirisha ya plastiki na alumini yalikuwa yakifanya kwa utulivu kazi ambayo maandamano yalidai kuifanya.

Halafu hesabu zote zikavurugika kwa mteja mwingine, China. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa 2003, na misitu ya Kilwa, Rufiji na Lindi ikawa jirani ya bandari ya Dar es Salaam. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya 2007, iliyoandikwa na Simon Milledge na wenzake, ilieleza yaliyofuata. Ndani yake mna jambo ambalo kwa makala haya lina uzito kuliko magogo yenyewe: takwimu za China za kuagiza mbao kutoka Tanzania zilikuwa mara 10 ya takwimu za Tanzania za kuziuza China. Meli moja, mzigo mmoja, madaftari mawili. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba katika wilaya sehemu kubwa mno ya mrabaha uliostahili, hadi asilimia 96, haikukusanywa.

Sasa nirudi Ulaya na niulize: viti vya mbao vilivyonunuliwa Birmingham au Köln miaka hiyo, vikiwa na lebo ya China, viliandikwa katika safu gani? Viliandikwa China. Mchoro wa mbao ngumu kutoka Afrika uliporomoka katika nchi zote mbili, na sehemu ya anguko hilo ilikuwa mzunguko mrefu tu wa safari. Umoja wa Ulaya ulilitambua hilo. Kanuni yake ya mbao, iliyoanza kutumika Machi 3, 2013, ilimtaka mwagizaji wa kwanza aonyeshe mti ulikatwa wapi na kwa kibali gani, hata kama umepitia kiwandani kwa mtu wa tatu. Uingereza ilipotoka kwenye Umoja ikachukua kanuni hiyo hiyo na kuiita yake. Huku kwetu, Septemba 2015, Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Madagaska zilitia saini Durban tamko la kupiga vita biashara haramu ya mbao, linalobeba jina la Zanzibar. Walioliandika walijua vizuri njia ya ubao wa fundi wangu.

Uko mti mmoja tu ambao haukuingia katika kupanda na kushuka huku. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, hukua polepole kwa miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa, na nusu ya gogo lake ni nyufa na mashimo. Hakuna anayejengea nyumba. Lakini kwa zaidi ya karne moja Uskoti imekuwa ikiutumia kutengenezea zumari za mikoba, na Ujerumani, hasa mafundi wa Markneukirchen karibu na mpaka wa Czech, klarineti na obo. Wajerumani huuita Grenadill. Markneukirchen ilipita chini ya mfalme, chini ya Hitler, chini ya wakomunisti na chini ya Ujerumani iliyoungana, na vipande vyeusi vya Afrika Mashariki viliendelea kuwafaa. Ujazo wake katika takwimu ni wa kupuuza. Thamani yake kwa kilo ni jambo jingine. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo lililoko huko, vilipata cheti cha FSC kwa misitu yao ya kijiji, na Januari 2017 jamii nzima ya mti huo ikawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kiasi kwamba wanamuziki wa Berlin na London wakaanza kubeba karatasi za klarineti kama pasipoti. Mwaka 2019 ala zilizokamilika ziliondolewa katika sharti hilo. Kwa muda wa miaka miwili na ushei, basi, mti ulisafiri na hati ya kuzaliwa. Ilikuwa usumbufu mkubwa kwa wapiga obo.

Nimesema Mara haikuwa na mbao za kuuza. Nifanye sahihisho dogo. Magharibi ya Hifadhi ya Serengeti, karibu na kijiji cha Robanda, magofu ya Fort Ikoma ya Wajerumani yamesimama juu ya kilima cha mawe. Waingereza waliifanya Serengeti hifadhi ya taifa mwaka 1951. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja kutoka Frankfurt kuhesabu wanyama kwa ndege. Michael alikufa ndege ilipoanguka Januari 1959, na filamu yao ikapata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Shirika la wanyama la Frankfurt lipo hadi leo. Migunga ya Serengeti ni mti ambao Ujerumani na Uingereza wanauagiza kwa wingi kuliko mninga wowote, isipokuwa unasafirishwa kwa picha, ukiwa na jua linalozama nyuma yake, na unalipiwa kwa usiku wa hoteli. Kwa mama wa Robanda au Natta anayetafuta kuni upande huu wa mpaka wa hifadhi, gharama yake ni maili za kutembea. Hakuna karani wa forodha anayeijaza safu hiyo.

Na Tarime inajilisha. Ukipita vilima vya kahawa unaona mipaka ya mashamba imepandwa mgrivea na mikaratusi, miti ya Australia yote miwili, iliyonyooka kama askari. Hiyo ndiyo inayopasuliwa kuwa kenchi, mbao za zege na vitanda vya wanafunzi. Mninga huja kwa lori kutoka Tabora na Katavi na hati za Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mkangazi huja kama unavyokuja.

Nilirudi karakanani wiki iliyofuata kwa shughuli nyingine. Fremu ya mninga ilikuwa imekwenda kwa mwenyewe, na ule ubao mwekundu ulikuwa umekatwa vipande viwili vya juu ya meza. Fundi alivuta penseli kutoka nyuma ya sikio, akafungua daftari la mistari lililochakaa, akaandika vipimo, bei, na jina la mteja. Kwenye nafasi ya aina ya mbao alisita kidogo, akaninusia kipande, kisha akaandika: nyekundu, ya Sirari.